Paka wamegeuza matuta yangu ya mchicha kuwa choo, nisaidieni (naomba yasiwe mawazo ya kuua)

Jembe Butu (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Nina kieneo cha hatua ishirini kwa kumi nyuma ya nyumba, huku Kigamboni. Ni mchanga mtupu, kama mnavyoijua ardhi yetu. Mwaka jana nilichoka kununua mboga kila siku, nikaanza kuleta samadi ya mbuzi kiroba kwa kiroba mpaka nikapata matuta sita: mawili ya mchicha, moja matembele, moja nyanya, moja bamia, na moja dogo la giligilani na saladi. Hilo dogo ni la mama watoto. Ana ujauzito wa miezi minne, na asubuhi mchana jioni hataki kitu ila kachumbari.

Tatizo ni paka. Nimehesabu watano, na kati yao kuna shume mmoja wa kijivu, sikio limechanika, nadhani ndiye mwenyekiti. Nikilainisha tuta jioni na kusia mbegu, alfajiri nakuta pamefukuliwa, mbegu zimetapakaa, na katikati umefukiwa mzigo. Juzi nilikuwa napalilia kwa mikono mitupu nikaushika. Nilinawa kwa sabuni mara tatu, na siku mbili zilizofuata nilikula ugali kwa kijiko.

Paka wanatoka upande wa jirani, bibi mtu mzima sana ambaye mtaa mzima tunampa heshima yake. Kila magharibi anawamwagia vichwa vya samaki nje ya uzio wangu. Sijamwambia kitu. Naanzaje?

Nimeshajaribu maganda ya machungwa (yalisaidia siku mbili), pilipili ya unga (ikaja mvua moja), na chupa za maji, maana fundi mmoja alinihakikishia paka akiona mng'ao anakimbia. Shume nilimkuta amelala ameegemea chupa. Nadhani anapata ubaridi.

Nawasilisha.

Kimya Kimya
Nimevuta kigoda, ngoja waje wenye paka.

Mzee wa Pantoni
Dawa ni kiroba mkuu. Mwaka juzi nilikuwa na shida hiyo hiyo. Nikawavizia wawili wakila, nikawatia kwenye kiroba, nikavuka nao na pantoni hadi Feri, nikawafungulia pale pale penye samaki. Nadhani mpaka leo wananiombea dua. Kurudi hawawezi, maji yale watayavukaje?

Jembe Butu
Na bustani ikapona?

Mzee wa Pantoni
Wiki tatu hivi. Halafu wakaja wengine watatu, sijui walitokea wapi.

Kimya Kimya
Kumbe ulitangaza nafasi za kazi.

Chuma Chakavu
Mnazunguka sana. Utumbo wa kuku na sumu ya panya, kesi imeisha.

Mganga wa Ng'ombe
Chuma Chakavu, mleta mada ameomba mapema yasiwe ya kuua, na wewe umeruka hadi hapo. Mimi ni daktari wa mifugo. Nimeshaletewa mbwa wa watu, kuku wa watu na hata kunguru waliokula chambo kilichowekewa paka. Mtoto anayetambaa naye hachagui. Pia kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Tuliache hilo.

Jembe Butu, kwanza elewa paka anaona nini. Anatafuta mahali pakavu, palipo laini, panapochimbika kwa mguu mmoja, ili afukie. Nusu ya Kigamboni ni mchanga, lakini umeshindiliwa na miguu ya watu na mvua. Wewe umechukua jembe, umelainisha, umetia samadi, umesawazisha kwa reki. Umemjengea choo na kukifagia. Akishaenda mara moja, harufu inamkumbusha kesho arudi hapo hapo, na mwenzake akipita anaisoma hiyo harufu naye anaweka yake.

Kwa hiyo usihangaike na paka, hangaika na udongo. Usikubali tuta likae wazi, likiwa laini na kavu. Ukishasia mbegu, mwagilia jioni badala ya asubuhi, ili usiku tuta liwe na unyevu, maana paka hapendi kuloa miguu. Halafu nunua waya wa kuku. Kwa nyanya na bamia ulaze juu ya tuta, ubane pembeni kwa vigingi, ukate matundu pa kupitisha miche. Mchicha umeusia kwa kumwaga, hautakubali hivyo, basi uinue waya shubiri moja kwa vijiti mpaka miche ifunike ardhi. Ikishafunika, paka hana pa kuchimba, utoe waya uhamie tuta linalofuata. Kwa wiki mbili tatu hizo unahitaji waya wa tuta moja au mawili tu, si bustani nzima.

Swali: unaweka nini kingine kwenye matuta zaidi ya samadi ya mbuzi?

Jembe Butu
Daktari, nitakuwa mkweli. Chini ya nyanya huwa nafukia utumbo wa samaki. Nilisoma mahali kwamba una rutuba.

Kimya Kimya
Hahahaa! Umewapikia, umewatandikia, halafu unawalaumu kwa kwenda haja.

Mganga wa Ng'ombe
Rutuba unayo, sikatai. Ila paka ananusa utumbo huo hata ukiwa umefukiwa. Acha kabisa, au tengeneza mboji ndani ya pipa lenye kifuniko.

Mama Wawili
Mimi ni nesi wa kliniki ya wajawazito, naomba niingie hapo kwenye mama watoto maana naona wote mmeparuka.

Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma. Paka anavipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Akiambukizwa kwa mara ya kwanza anatoa mayai ya vimelea hivyo kwa wiki moja hadi tatu, mengi mno, kisha kwa kawaida anaacha. Sasa sikiliza: mayai yakitoka leo, leo hayaambukizi. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Ndiyo maana kuzoa kila siku kuna faida kubwa kuliko kuzoa Jumamosi. Yakishakomaa yakabaki kwenye udongo wenye unyevu, yanakaa miezi mingi, hata kuzidi mwaka.

Mtu mzima mwenye afya mara nyingi akiambukizwa hata hajui, au anahisi kama mafua. Kwa mjamzito ambaye hajawahi kuambukizwa, vimelea vinaweza kupita hadi kwa mtoto tumboni. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akapata madhara ya macho na ubongo. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama aliwahi kuambukizwa zamani, aulizie kliniki anakohudhuria.

Kwa hiyo: mama asiguse bustani hiyo, basi. Palizi ni yako, na uvae glavu. Mchicha na matembele yanapikwa, moto unamaliza mambo. Ninachokiogopa mimi ni lile tuta dogo, giligilani na saladi, vitu vinavyoliwa vibichi. Kwa sasa anunue mahali pengine, na hata hizo azioshe jani moja moja kwa maji yanayotiririka. Nyanya na vitunguu vya kachumbari pia.

Na tusimsingizie paka peke yake. Nyama isiyoiva inaleta ugonjwa huo huo. Mishikaki yenye wekundu ndani aiache mpaka ajifungue.

Jembe Butu
Dada, nimesoma mara mbili nikaenda kung'oa ile saladi yote usiku huu huu kwa tochi.

Chuma Chakavu
Si ndiyo nilisema. Mjamzito na paka havikai nyumba moja. Unyoya wake unaziba kizazi.

Mama Wawili
Unyoya hauzibi kizazi, kaka yangu. Shida ni kinyesi, na dawa yake ni kuzoa na kunawa. Wapo wajawazito kibao wanaoishi na paka wao vizuri, kazi ya kuzoa wanamwachia baba.

Mganga wa Ng'ombe
Naongezea moja kwa wenye watoto wadogo. Paka ana minyoo ambayo mayai yake yanaweza kukaa udongoni miaka, na mtoto anayekula mchanga anayameza. Kuna na safura ya paka na mbwa, viluwiluwi vyake vinapenya ngozi ya mguu mtupu na kuacha mstari mwekundu unaowasha na kutambaa siku hadi siku. Kwa mchanga wa Kigamboni hiyo naiona sana. Ingia bustanini na viatu.

Bint Shela
Salaam kutoka Lamu. Nimecheka peke yangu. Huku kwetu paka ni wengi mitaani na punda pia, na hakuna aliyewahi kufikiria kiroba.

Paka mwenyewe si najisi, tumefundishwa hivyo tangu madrasa. Atapita juu ya mkeka, atakunywa maji ya ndoo, hatumfukuzi. Lakini hukumu ya paka na hukumu ya kinyesi chake ni mbili. Kinyesi ni najisi, na mkojo wa shume ndio usiseme.

Bibi yangu alikuwa na asumini na mrehani darini, kwenye vyungu na madebe. Paka walikuwa wakipanda usiku wakichagua chungu kizuri kizuri. Maua yale ni ya kufungia vikuba vya harusi. Nani atavaa kikuba kinachonuka shume? Alichofanya ni kuokota ufukweni vipande vya matumbawe vilivyokufa na magamba ya chaza, akayapanga juu ya udongo wa kila chungu, yakibanana, pakabaki upenyo wa maji tu. Paka akikanyaga panamchoma, akichimba hapachimbiki. Hakuna aliyerudi. Shambani tulitumia makumbi ya nazi, upande wenye nyuzi ngumu juu.

Mzee wa Pantoni
Vifuu je? Ninavyo gunia zima.

Mama Wawili
Vifuu vilaze kifudifudi. Ukiviacha vimekaa kama bakuli vitajaa maji ya mvua na utafuga mbu wa dengi. Dar tulishaona dengi 2014 na 2019, hatutaki tena.

Baridi Kali
Niko Leicester, huku Uingereza. Mnadhani wazungu wamepata ufumbuzi? Nina bustani ndogo nimepanda mchicha wa kiangazi na sukuma, na paka watatu wa majirani. Huku paka ni mali ya mtu kisheria na anazurura anakotaka, huna la kumfanya.

Nilinunua kidude cha kutoa mlio ambao binadamu hausikii. Paka wawili walikimbia wiki ya kwanza, wa tatu ni mzee, nadhani kiziwi. Halafu nikakuta dukani chembechembe zilizotiwa harufu ya mavi ya simba. Siwatanii, ni bidhaa ya bustani kabisa. Nikamwaga. Asubuhi paka mzee alikuwa amekwenda haja juu yake.

Kimya Kimya
Yaani Serengeti nzima tunapishana na utajiri.

Baridi Kali
Kilichonisaidia mwishowe ni kinyunyizio cha maji chenye kihisio. Paka akipita kinamrushia maji. Pia kilimrushia mleta barua, tukaelewana baadaye.

Jembe Butu
Hapa maji tunanunua kwa boza, nikianza kuwarushia paka mke atanihamisha.

Kitalu cha Nyuma
Mimi nina njia ya kizembe na inafanya kazi miaka mitatu sasa: wape choo chao.

Chukua tairi kuukuu, liweke kwenye kona kavu mbali na matuta, juu pawe na kivuli cha mti au kipande cha bati ili mvua isiloweshe. Jaza mchanga mlaini uliochekechwa. Kisha, na hapa ndipo watu wanapokosea, chukua mzigo mmoja uliokuta kwenye tuta, kwa koleo, ukaufukie humo ndani kidogo. Hiyo ndiyo barua ya mwaliko. Wakati huo huo matuta yako uyafunge kwa waya au makumbi. Ukifanya moja bila la pili umekula hasara.

Kila asubuhi zoa, mchanga badilisha mara kwa mara. Ukikiacha kichafu watarudi kwenye mchicha, paka ana kinyaa kuliko sisi.

Jembe Butu
Hiyo nimeipenda. Na ule mzigo nikishauzoa nautupe wapi? Kwenye mboji?

Mganga wa Ng'ombe
Hapana! Samadi ya mbuzi na ng'ombe ni jambo jingine, wale wanakula majani. Cha paka kisiingie kwenye mboji ya mboga, mboji ya nyumbani haipati moto wa kutosha kuua mayai niliyoyataja. Kitupe choo cha shimo. Na kwa kuwa Kigamboni wengi mna visima vifupi, usikifukie karibu na kisima.

Na usimwage jiki pale paka alipokojoa, hasa pakiwa na mkojo mwingi. Jiki na mkojo vikichanganyika vinatoa hewa inayowasha kifua. Mchanga uliokojolewa uchote tu, uutoe. Vidonge vya kabatini vya kufukuzia nondo navyo usiweke bustanini, ni sumu kwa paka na kwa mtoto atakayedhani ni pipi.

Chuma Chakavu
Mimi bado nasema jirani ndiye tatizo. Mfuate umwambie.

Kitalu cha Nyuma
Mfuate, ila si kwa hiyo sauti yako.

Jembe Butu
Wakuu, narudi na mrejesho, leo ni wiki ya tatu.

Waya wa kuku nimeweka kwenye matuta mawili ya mchicha. Nyanya nimezungushia makumbi, utumbo wa samaki nimeacha. Kwenye bamia niliamua kujaribu matawi ya mlimao yenye miiba. Paka hawajaingia, na mimi pia siingii, nimechomwa mara nne, naona nitayatoa.

Tairi niliweka chini ya mwarobaini kwenye kona. Siku tatu za kwanza halikuguswa nikaanza kumtukana Kitalu cha Nyuma moyoni. Siku ya nne nikakuta shume, mwenyekiti mwenyewe, amekaa ndani yake ananitazama kama mimi ndiye nimevamia. Nikageuka nikaondoka kwa adabu.

Sasa kuhusu bibi. Nilikwenda Jumapili baada ya alasiri, nimebeba fungu la mchicha. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, mama watoto hajambo?" Tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya mkaa, nikazunguka kama nusu saa. Mwishowe nikasema, bibi, kuna jambo dogo kuhusu paka wako. Akanikatiza pale pale: "Hao si wangu, mwanangu. Mimi nawalisha tu."

Nikakosa la kusema kabisa. Akacheka, akaniambia paka wa kwanza alikuja mwaka aliofariki mzee wake, akamwonea huruma, na huyo jike ndiye kazaa wengine. Nikamweleza habari ya ujauzito na yale ya dada nesi. Alishtuka kweli, akasema mbona hukuniambia mapema, mimi nilikuwa nadhani unawapenda, maana kila siku naona unawachimbia.

Kimya Kimya
"Unawachimbia." Bibi amemaliza uzi.

Jembe Butu
Tumeelewana hivi: chakula anawawekea upande wake wa pili, karibu na jiko, mbali na uzio. Tairi la pili nimempelekea mimi, likae uani kwake. Pia nilimgusia habari ya kuwahasi ili wasizidi kuzaana. Daktari, amekubali, ila anauliza kama wataumia.

Mganga wa Ng'ombe
Mwambie wanapewa dawa ya usingizi na ya maumivu, madume huchangamka upesi, majike huhitaji siku kadhaa za uangalizi. Dume akihasiwa mara nyingi anapunguza kurushia mikojo kuta na kupigana. Jike ndiye wa kuwahi. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au hata chini ya hapo, na anabeba kwa miezi miwili tu. Hao watano waache mwaka mmoja halafu uje uwahesabu. Ulizia ofisi ya mifugo ya wilaya yako wakuelekeze kwa daktari aliyesajiliwa, na uwape dawa ya minyoo siku hiyo hiyo.

Halafu msiwaondoe. Wakibaki hawa hawa, wamehasiwa, wanalinda eneo wageni wasiingie. Mzee wa Pantoni ameshatufanyia utafiti wa upande wa pili.

Mzee wa Pantoni
Nimesikia.

Jembe Butu
Mrejesho wa mwisho, miezi miwili sasa.

Madume matatu yamehasiwa, shume akiwemo. Amenenepa, uenyekiti nadhani ameuachia. Jike mmoja naye ameshafanyiwa. Mchicha nimevuna mara mbili bila kukuta kitu. Tuta la giligilani bado limelala, nimelifunika turubai, nitalirudia mwakani na udongo mpya. Mke alipima, majibu mazuri, daktari wake hana wasiwasi.

Kasoro moja. Jike wa pili tulichelewa. Wiki iliyopita nimekwenda kuchota samadi kwenye kibanda nikasikia kilio ndani ya kiroba cha mwisho, kile cha nusu. Amezaa humo. Kwa hiyo matembele yanasubiri mbolea mpaka mama mtu aamue kuhama.

Mzee wa Pantoni
Wangapi?

Jembe Butu
Wanne. Mbona?

Mzee wa Pantoni
Wale watatu waliokuja baadaye niliwapeleka Feri nao. Tangu Ramadhani hakuna paka kwangu, na panya sasa wanatembea mchana, jana mmoja alipita mbele ya mgeni. Wakishaacha kunyonya naomba mmoja.

Jembe Butu
Karibu. Ila kiroba ukiache nyumbani.